Mpasuko, Chumvi na Mchanga: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Miamba ya Mchanga ya Bahari ya Kaskazini

Mpasuko wa ardhi na chumvi vinahusianaje na mchanga wa baharini?

Mto huubeba mchanga, wimbi huusogeza, mkondo huuburuta. Lakini ili urundikane mahali pamoja mpaka uwe mwamba wenye unene wa mamia ya mita, lazima sakafu ya mahali hapo iwe inazama. Katika mabonde mengi ya bahari sakafu huzamishwa na mambo mawili: ganda la dunia linapovutwa hadi likapasuka, na chumvi iliyofukiwa chini inapohama. Mambo hayo hayo ndiyo yanayoinua vilima vya kuuziba mchanga njia na kufungua mabonde ya kuupitisha. Ndiyo maana, kabla ya kuuliza mchanga ulitoka mto gani, mjiolojia huuliza sakafu ilikuwa inafanya nini wakati mchanga ulipokuwa unafika. Karibu majibu yote yaliyo hapa chini yanatokana na swali hilo.

Kwa nini mfano mkuu hapa ni Bahari ya Kaskazini?

Kwa sababu mpasuko, chumvi na bahari vilikutana pale, na ushahidi wake umechimbuliwa. Tangu miaka ya 1960, Uingereza, Norwei, Uholanzi, Denmaki na Ujerumani zimetoboa maelfu ya visima katika sakafu ya bahari hiyo wakitafuta mafuta na gesi. Sehemu kubwa ya yale tunayoyajua leo kuhusu chumvi na mchanga ilianzia huko, au ilijaribiwa huko. Ghuba ya Meksiko, Angola na Brazili zina chumvi nyingi zaidi, lakini huko kupasuka kulitangulia, chumvi ikafuata mwishoni, kisha bara likaachana na bara. Bahari ya Kaskazini ilipata chumvi kwanza, halafu ikapasuliwa chumvi ikiwa tayari imelala chini. Mpangilio huo umeleta mambo ambayo ni vigumu kuyaona kwingine kwa uwazi kiasi hicho.

Mpasuko wa ardhi hutengenezaje nafasi ya mchanga?

Ganda la dunia likivutwa pande mbili hupungua unene, na sehemu yake ya juu, iliyo ngumu, hukatika. Upande mmoja wa mpasuko hushuka, mwingine hubaki juu na mara nyingi hunyanyuka kidogo kwa kupunguziwa mzigo. Kipande kinachoshuka hakishuki kwa usawa. Huinama, kikawa na kina kikubwa karibu na mpasuko na mteremko mpole upande wa pili. Anayeijua Bonde la Ufa ameshaona umbo hilo: Ziwa Tanganyika, lenye kina cha karibu mita 1,470, ni msururu wa mabonde ya namna hiyo, yakiinama mara upande wa Kongo, mara upande wa Tanzania.

Kila upande hupata mchanga wa aina yake. Kwenye ukuta mkali wa mpasuko, mawe na changarawe huporomoka moja kwa moja hadi kwenye maji marefu na kujitandaza kwa umbo la pepeo. Mfano mzuri ni uwanja wa mafuta wa Brae, ukingoni mwa Viking Graben, bonde la mpasuko lililo kati ya Uskoti na Norwei. Huko, mwishoni mwa kipindi cha Jurasiki, kama miaka milioni 150 iliyopita, changarawe na mchanga vilirundikana chini kabisa ya ukuta wa mpasuko, na kilomita chache tu kutoka hapo hukuti tena ila mwamba wa tope jeusi. Kisima kikiwekwa mahali ambapo si penyewe, hata kwa kilomita chache, hukosa kila kitu. Upande wa mteremko mpole mambo hutulia: fukwe, mchanga wa mawimbi, ghuba za maji mafupi. Hizi husogea mbele na nyuma kadiri bahari inavyopanda na kushuka.

Kuvutwa kunapokoma, ganda lililokuwa limepashwa joto hupoa, hujikunyata na kuendelea kuzama polepole kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Awamu hiyo ya pili haina vurugu, ila hufukia yote yaliyotangulia chini ya kilomita kadhaa za tope na chokaa.

Mchanga huingia bondeni kupitia wapi?

Wengi hudhani mto hukata mpasuko na kumwaga mchanga pale ulipo ukuta mrefu zaidi. Mara nyingi huwa kinyume. Upande uliobaki juu ukinyanyuka, huigeuza mito ikaelekea mbali na bonde. Mchanga hutafuta mahali ambapo mpasuko mmoja unaishia na mwingine unaanzia, kwa kuwa katikati yao hubaki mteremko unaopitika. Njia nyingine ni kuingia kwa urefu wa bonde, kutoka ncha hadi ncha, kama Rusizi unavyoingia Tanganyika kutoka kaskazini. Ipo pia mito mikongwe kuliko mpasuko wenyewe, iliyoshikilia njia yake ardhi ikinyanyuka, nao Malagarasi hutajwa miongoni mwake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ramani nyingi za wanafunzi huchora mishale ya mchanga ikivuka mpasuko katikati yake. Chora mishale yako kwenye maungio ya mipasuko, utakosea mara chache zaidi.

Chumvi ya Bahari ya Kaskazini ilitoka wapi?

Ni ya kipindi cha Permi, zaidi kidogo ya miaka milioni 252 iliyopita. Wakati huo eneo hilo lilikuwa jangwa lililo chini ya usawa wa bahari. Maji ya bahari yaliingia, yakakaushwa na jua, yakaingia tena, yakakaushwa tena. Mwamba uliobaki unaitwa Zechstein, na ndani yake huonekana mizunguko kadhaa ya kujaa na kukauka.

Ukikausha kina cha mita 1,000 cha maji ya bahari, unabaki na takriban mita 15 za chumvi za aina zote. Zechstein, katika sehemu zake za kina, ilikuwa na unene wa zaidi ya kilomita moja. Kwa hesabu hiyo haitoshi kusema bahari ilikauka. Maji mapya yalikuwa yakiingia bila kukoma huku mengine yakigeuka mvuke. Chini ya Zechstein kuna mchanga wa zamani zaidi, matuta ya jangwa yanayoitwa Rotliegend, na ndani yake ndimo ilimogunduliwa gesi ya Groningen, Uholanzi, mwaka 1959. Chumvi iliyo juu ndiyo iliyoizuia gesi hiyo isitoroke.

Chumvi ni mwamba mgumu. Inatiririkaje?

Kipande cha chumvi mkononi huvunjika. Lakini ukikifukia na kukisubiri kwa maelfu na mamilioni ya miaka, fuwele zake huteleza na kujipanga upya, hasa kukiwa na unyevu kidogo kati yake, na mwamba wote husogea bila kupasuka. Weka mzigo juu ya upande mmoja, nayo hutoroka upande wa pili, kama unga wa chapati uliokandwa unavyotoroka chini ya kiganja. Kule Irani, katika milima ya Zagros, chumvi imetoboa mpaka juu na kushuka mlimani ikitambaa hadharani.

Kuna sifa nyingine isiyotajwa vya kutosha: chumvi haishindiliki. Mchanga na tope vikifukiwa hukamuliwa maji na kuzidi kuwa vizito. Chumvi hubaki na uzito wake ule ule, kama gramu 2.2 kwa kila sentimita ya ujazo, iwe mita 100 chini ya ardhi au 3,000.

Basi chumvi hupanda kwa kuwa ni nyepesi kuliko miamba iliyo juu yake?

Hilo ndilo jibu la vitabu vya zamani, na lina ukweli nusu. Mwaka 1960 Mjerumani Ferdinand Trusheim, akitumia data za kaskazini mwa Ujerumani, alieleza jinsi chumvi inavyojivimbisha kuwa mito ya chumvi, kwa maana ya mito ya kulalia, kisha makuba, huku miamba ya pembeni ikizama mahali chumvi ilipotoka. Maelezo yake ya umbo bado yanasaidia sana. Tatizo ni nguvu inayosukuma. Mashapo machanga, yaani mchanga na tope visivyoshindiliwa bado, ni mepesi kuliko chumvi. Huanza kuizidi uzito baada ya kufukiwa zaidi ya kilomita moja hivi, na kufikia hapo yameshakuwa magumu kiasi kwamba wepesi wa chumvi peke yake hauwezi kuyatoboa.

Mwaka 1992 Bruno Vendeville na Martin Jackson, katika Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin, walionyesha kwa majaribio ya maabara kwamba mlango hufunguliwa na kuvutwa kwa ardhi. Kifuniko kikitanuka na kukatika, hupungua unene mahali fulani, na chumvi hupanda kuijaza nafasi hiyo. Walionyesha pia upande wa pili, ambao kwa maoni yangu ndio muhimu zaidi kwa mchanga: ardhi ikiendelea kuvutwa huku chumvi ya kulisha kuba ikiisha, kuba lenyewe hutanuka, hudidimia, na juu yake hubaki shimo. Kilele cha jana kinakuwa bonde la leo.

Nguvu ya pili ni tofauti ya mzigo. Delta ikimwaga mchanga hapa na isimwage pale, chumvi iliyo chini hukimbilia palipo pepesi. Hapo mchanga wenyewe unajichimbia bonde: unatua, chumvi inaondoka, sakafu inazama, mchanga mwingine unaingia. Anayedhani mchanga ni abiria tu katika habari hii hajaiangalia vizuri.

Nini kilitokea kwanza juu ya Zechstein?

Katika kipindi cha Triasiki, kilichofuata Permi na kutangulia Jurasiki, bahari ilikuwa imeondoka. Mito ya nchi kame ilileta tope na mchanga juu ya chumvi, na mzigo huo ukazama kwa vipande. Kila kipande kilikuwa bonde dogo lenye upana wa kilomita chache, likishuka ndani ya chumvi, na chumvi ikapanda kati ya mabonde hayo ikawa kuta ndefu. Miamba ya mchanga ya Skagerrak iliwekwa wakati huo. Baadhi ya vipande vilizama mpaka vikagota kwenye sakafu ya chini ya chumvi. Vilipogota havikuwa na pa kwenda tena, na mashapo mapya yakalazimika kutafuta nafasi kwingine.

Huu bado si mchanga wa baharini. Lakini bila kuuelewa, mchanga wa baharini uliofuata hauelezeki.

Mchanga wa baharini wa Fulmar uliwekwaje?

Katikati ya kipindi cha Jurasiki, katikati ya Bahari ya Kaskazini palivimba. Ardhi ilinyanyuka, volkano zikalipuka, miamba mingi ikasuguliwa na kuondolewa. Mchanga wa sehemu hiyo iliyonyanyuka ulielekea pande zote. Mwingi ulikwenda kaskazini ukachangia delta kubwa ya Brent, ambayo uwanja wake wa mafuta uligunduliwa mwaka 1971 na jina lake hadi leo husomwa kwenye bei za mafuta duniani. Kisha uvimbe ukaporomoka, ganda likaanza kuvutwa kwa nguvu, na mabonde matatu ya mpasuko yakakutana: Viking Graben kaskazini, Central Graben kusini, na Moray Firth upande wa Uskoti. Bahari ikarudi.

Sasa tazama hali ya Central Graben bahari inapoingia. Chini kuna vipande vya Triasiki vilivyogota, vigumu, havizami tena. Kati yake kuna kuta za chumvi zilizokuwa zimesimama juu. Maji yanapozifikia, vilele vya kuta hizo huyeyuka. Ardhi inapovutwa, kuta zenyewe hutanuka na kushuka. Mahali palipokuwa kilima cha chumvi panakuwa mfereji, na vile vipande vya mchanga vilivyokuwa mabonde vinabaki vimeinuka kama visiwa na miinuko ya chini ya maji. Sura ya nchi imepinduka.

Mchanga wa Fulmar, wenye jina la uwanja wa mafuta, ulijaza mifereji hiyo. Sehemu yake kubwa ulitoka jirani tu: mawimbi yalikwangua miinuko ya Triasiki, yakaufungua mchanga wa mto uliokuwa umelala miaka milioni 50 na zaidi, yakausambaza upya kama mchanga wa bahari ya maji mafupi. Kwa hiyo Skagerrak ikawa chimbuko la Fulmar. Ukiutazama mwamba wenyewe kwenye vipande vilivyotolewa visimani, mara nyingi huoni matabaka yaliyonyooka. Umechimbuliwa na wanyama wa sakafuni, minyoo na kamba na jamaa zao, mpaka tabaka likachanganyika na tabaka. Wanyama wale hufanya kazi hiyo pale ambapo chakula kipo, hewa ipo, na mchanga hauingii kwa kishindo.

Jambo ambalo sichoki kulieleza ni unene wake. Katika uwanja wa Fulmar, uliogunduliwa mwaka 1975 na kuanza kutoa mafuta mwaka 1982, mchanga huo umefikia zaidi ya mita 300, na tangu chini mpaka juu dalili ni zile zile za bahari ya maji mafupi. Bahari yenye kina cha mita 50 haiwezi kupokea mita 300 za mchanga ikabaki na kina kile kile, ila kama sakafu ilikuwa ikishuka sambamba na mchanga ulivyokuwa ukiingia. Chumvi iliyokuwa ikiyeyuka na kuhama chini yake ndiyo iliyofanya hivyo. Ukisogea kando kilomita chache, juu ya kipande kilichogota, mchanga wa umri ule ule unaweza kuwa na unene wa mita chache tu, au usiwepo kabisa.

Mafuta yenyewe yalitoka kwenye tope jeusi lililofuata, Kimmeridge Clay, lililotua wakati mabonde yalipozama mno na hewa ikapungua sakafuni. Upande wa Norwei mchanga wa aina hiyo hiyo huitwa Ula.

Mipasuko iliyo chini ya chumvi na iliyo juu yake ni ile ile?

Si lazima. Chumvi ikiwa nene hukata mawasiliano. Mpasuko mkubwa ulio chini huishia ndani ya chumvi, na matabaka ya juu hayakatiki bali hupinda juu yake, huku mipasuko mingine midogo ikifunguka kilomita kadhaa kando. Chumvi ikiwa nyembamba, mpasuko hupenya moja kwa moja. Kwa mchanga tofauti hiyo ni kubwa: pale penye mkunjo, ufuko hukaa kwenye mteremko mpole na kusogea taratibu, bila ukuta mkali wala changarawe za aina ya Brae. Kwa hiyo kabla ya kunakili mfano wa Viking Graben, ambako chumvi ni chache au haipo, ukaubandika Central Graben, pima kwanza unene wa chumvi.

Na kwenye maji marefu, chumvi huathirije mchanga?

Huko mchanga husafiri kwa mikondo mizito ya maji yaliyochanganyika na tope, inayoporomoka kutoka ukingo wa bara na kukimbia sakafuni ikifuata mteremko. Mikondo hiyo hutii umbo la sakafu kikamilifu. Kilima cha chumvi chenye urefu wa makumi ya mita tu kinatosha kuipindisha.

Katika kipindi cha Paleosini, kama miaka milioni 60 iliyopita, Uskoti na maeneo ya Shetland yaliponyanyuliwa, mchanga mwingi ulimwagika kusini-mashariki ukaingia katikati ya Bahari ya Kaskazini. Ndimo ulimo uwanja wa Forties, uliogunduliwa mwaka 1970. Mchanga huo ulipofika penye makuba ya chumvi yaliyokuwa bado yanapanda, kama kwenye uwanja wa mafuta wa Pierce penye makuba mawili, uligawanyika na kuyazunguka. Mchanga mnene uko kwenye mabonde ya pembeni, na hukonda unavyopanda ubavuni mwa kuba. Kuba lilipoendelea kupanda baadaye liliuinamisha mchanga ule, mafuta yakakusanyika ubavuni.

Kwenye mteremko wa kaskazini mwa Ghuba ya Meksiko jambo hilo limekuzwa. Pale kuna mabonde madogo mengi yaliyozungushiwa chumvi, na mchanga hujaza bonde la juu mpaka likafurika, kisha humwagikia la chini yake. Lakini usilichukue kama ngazi zilizojengwa zikakamilika. Kila bonde huzama zaidi kwa uzito wa mchanga linaoupokea, kwa hiyo lililojaa leo linaweza kuwa na nafasi tena kesho.

Chumvi huufaa mwamba wa mchanga au huuharibu?

Vyote viwili. Huufaa kwa kuziba: gesi na mafuta hayapiti kwenye chumvi. Huufaa pia kwa joto, kwani chumvi hupitisha joto kwa wepesi kuliko mwamba wa tope, mara mbili hadi tatu. Miamba iliyo chini ya chumvi nene hubaki na ubaridi kidogo, na saruji ya kwazi, yaani madini yanayoota kati ya chembe na kuziba matundu ya mchanga, huchelewa kuota. Juu ya kuba mambo hugeuka, kuna joto zaidi. Na chumvi ikiyeyuka ndani ya maji ya ardhini, huweza kuganda tena ndani ya matundu ya mchanga na kuyaziba.

Katika Central Graben kuna la kushangaza zaidi. Nyanja za Elgin na Franklin, zilizoanza kuzalisha mwaka 2001, zina mchanga wa Jurasiki ulio zaidi ya kilomita 5 chini, kwenye shinikizo la karibu baa 1,100, yaani mara kama 1,100 ya shinikizo la hewa, na joto la nyuzi 190 za Selsiasi. Kwa kina hicho ungetarajia mwamba usio na tundu hata moja, lakini gesi hutoka. Shinikizo kubwa la vimiminika vilivyofungiwa ndani limechangia kuzuia chembe zisishindiliwe.

Wanajiolojia wanajuaje haya yote bila kuona?

Meli hupiga mlio, mawimbi huteremka ardhini na kurudi, na picha ya matabaka huchorwa. Chumvi huleta shida hapa: mawimbi hupita ndani yake kwa kasi ya kama mita 4,500 kwa sekunde, haraka kuliko kwenye mashapo ya pembeni, kwa hiyo kilicho chini ya kuba huonekana kimepinda au kimefifia. Visima hutoa vipande vya mwamba na masalia ya viumbe vidogo vya kukadiria umri. Halafu huchorwa ramani za unene. Tabaka likiwa nene hapa na jembamba pale, na umri ni mmoja, hiyo ni rekodi ya sakafu iliyokuwa ikizama hapa na si pale.

Kosa linalogharimu visima ni kuisoma picha ya leo kana kwamba ndiyo sura ya siku ile. Kuba unaloliona limesimama leo huenda halikuwepo mchanga ulipopita. Na bonde lililokuwepo huenda limegeuzwa kilima. Tiba yake ni kuvua tabaka moja baada ya jingine, kwa hesabu, na kurudisha chumvi ilikokuwa. Kazi hiyo inachosha, na hakuna kinachoweza kushika nafasi yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina habari kama hii?

Kwa sehemu, ndiyo. Gondwana, bara kubwa la kale lililoiunganisha Afrika na jirani zake, ilipoanza kuachana, bahari iliingia kidogo kidogo kwenye mabonde ya mpasuko, na mahali pengine ikakauka na kuacha chumvi. Katika bonde la Mandawa, kusini mwa Tanzania, visima vimekuta chumvi nene ya nyakati hizo. Kaskazini mwa Kenya na kusini mwa Somalia, nje kwenye maji marefu, watafiti waliripoti mwaka 1982 makuba ya chumvi kando ya ukingo wa bara. Kwa hiyo mwanafunzi wa Dar es Salaam au Mombasa anayesoma habari za Zechstein hasomi jambo la ugenini kabisa.

Lakini tuwe waangalifu. Gesi ya Songo Songo, iliyogunduliwa mwaka 1974, imo katika mchanga wa kipindi cha Kretasi, kilichofuata Jurasiki, na ile ya maji marefu iliyoanza kugunduliwa nje ya Tanzania mwaka 2010 imo katika mchanga ulioshushwa na mikondo mizito kutoka bara. Huko hatuoni mpangilio wa vipande na kuta kama wa Central Graben. Mbele ya delta ya Ruvuma, kinachoteleza chini ya mzigo ni tope laini lenye shinikizo, ambalo huiga baadhi ya tabia za chumvi lakini si zote: halina nguvu ya kuziba kama chumvi, na halipitishi joto kama chumvi.

Kwa ndugu zetu walioko Omani, chumvi ya Ara, kongwe kuliko Zechstein kwa miaka karibu milioni 300, imetoboa mpaka juu ya jangwa huko Qarat Kibrit na inaonekana kwa macho. Chini ya jangwa hilo mchanga wa Haima umezama ndani ya chumvi kwa vipande, kwa namna inayofanana sana na ya Triasiki ya Bahari ya Kaskazini.

Ni wapi naweza kuona miamba ya namna hii bila kisima?

Kwa mpasuko na bahari, nenda Ghuba ya Suez, Misri, upande wa Sinai. Karibu na Hammam Faraun jangwa limeacha wazi mipasuko, miteremko ya maungio na mchanga ulioingia kupitia humo. Ghuba ya Korintho, Ugiriki, ina delta za changarawe zilizonyanyuliwa mpaka milimani, na mpasuko wake bado unaendelea. Kwa chumvi na mashapo ya bahari, La Popa kule Meksiko ndiyo darasa: matabaka yaliyo kando ya makuba yamepinda, yamekatwa na kufunikwa tena, kila mara kuba lilipopanda wakati mashapo yakitua.

Ujuzi huu una kazi gani siku hizi, mafuta yakipungua?

Kaboni dayoksaidi inayozuiwa viwandani inahitaji mahali pa kufukiwa, na mahali penyewe ni miamba ya mchanga yenye matundu na kifuniko kizuri. Norwei imekuwa ikifukia gesi hiyo kwenye uwanja wa gesi wa Sleipner, katika mchanga wa Utsira, tangu mwaka 1996, kwa kiasi cha takriban tani milioni moja kwa mwaka katika miaka mingi ya kazi hiyo. Upande wa Uingereza, kusini mwa Bahari ya Kaskazini, umechaguliwa mwinuko unaoitwa Endurance. Mchanga wake ni wa Triasiki, Bunter, na umeinuliwa kuwa kuba na Zechstein iliyovimba chini yake.

Chumvi hiyo hiyo imeleta pia la kuangaliwa. Si mbali sana na Endurance, kuba jingine limeusukuma mchanga wa Bunter mpaka kwenye sakafu ya bahari. Gesi ikiingizwa upande mmoja husukuma maji ya chumvi yaliyomo mchangani, na waliobuni mradi walilazimika kuhesabu shinikizo hilo litafika wapi na maji yatatokea wapi. Mahesabu yao yanaanza na ramani ya mahali chumvi ilipopanda, na wakati ilipopanda.